Wanawake Wasio na Majina Katika Kasha Langu

Mtu akija kwangu na kufungua kasha la santuri, kwanza hutafuta wapiga gitaa. Anajua nilikuwa seremala katika karakana ya kompani ya shaba hapa Elisabethville, na umri wangu anauona usoni, basi anadhani atakuta wale vijana wa Katanga waliopiga gitaa kavu kwa vidole viwili, ambao sote tuliwapenda. Atawakuta, lakini wachache, niliowapata baadaye. Orkestra za Leopoldville ni chache zaidi. Ya Kuba ipo moja tu, nayo imemeguka ukingoni. Kasha limejaa wanawake: wanawake wa vijijini wanaotwanga, wanaopepeta, wanaobembeleza watoto, wanaomsindikiza bibi arusi. Majina yao hayakuandikwa. Kwenye karatasi ya katikati kuna jina la kijiji au la mto, na aina ya wimbo, basi. Lugha zao nyingi sizielewi.

Watu huniuliza kama nilitumwa na mapadri kuzikusanya. Kwa kawaida hujibu kwamba nazipenda tu. Si kweli. Nilizinunua moja moja katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kwa sababu ya santuri moja ambayo haimo humo. Hapa nitaandika ilivyokuwa, na nitajitahidi nisijipendelee.

Mke wangu nilimpata Kilwa, kwenye ziwa Mweru, kompani iliponituma na mafundi wengine kujenga ghala. Nilipomaliza mahari tulishuka Elisabethville kwa lori la samaki, siku tatu za mashimo na matope, na nguo zake za arusi zilinuka samaki kwa wiki nzima. Alinikumbusha jambo hilo kila nilipojidai mtu wa mjini.

Gramafoni nilikuwa nayo kabla yake. Nilikuwa nimeipata kwa Mbelgiji aliyekuwa akirudi kwao, kwa kumtengenezea masanduku ya safari. Kasha la santuri nililitengeneza mwenyewe kwa mulombwa, mti mwekundu wa kwetu, nikalitia vigawanyo ndani ili santuri zisimame bila kugusana. Wakati huo, kama ungeniuliza nani anatawala humo ndani, ningekujibu bila kufikiri: wapiga gitaa wa huku kwetu. Wengine niliwajua kwa sura, nilipishana nao sokoni. Sindano za chuma zilikuwa adimu, na sisi wa kambi ya kompani tulizinoa kwenye jiwe tukazitumia tena, jambo ambalo maduka yalitukataza. Sindano iliyonolewa hukwaruza. Kwa hiyo santuri tuliyoipenda zaidi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kugeuka kijivu na kuanza kuvuma kama mafuta ya kukaangia. Zilizobaki nyeusi na zenye kung'aa zilikuwa zile tusizozijali sana.

Mama mkwe wangu alifariki katika majira ya mvua. Habari ilitufikia kwa mdomo wa dereva wa lori, siku nyingi baada ya mazishi, na dereva huyohuyo alituambia kwamba nyuma yake daraja lilikuwa limeondoka na maji. Mke wangu alikaa kilio hapahapa nyumbani. Majirani walikuja, wakalala naye chini, wakapika. Lakini hakuliona kaburi, hakumwaga udongo, na tangu siku ile alikuwa kama mtu aliyeitwa akiwa katikati ya sentensi na bado hajarudi kuimaliza.

Kiangazi kilichofuata nilinunua santuri kwa Mgiriki mwenye duka karibu na soko. Niliichukua kwa ajili ya upande wa kwanza, mtu akipiga likembe, kile kisanduku chenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba. Karatasi ilisema imetoka upande wa Mweru. Watu wa malori walikuwa wametuambia kwamba Mzungu mmoja alipita vijiji vya ziwani na gari lenye mashine ya kunasa sauti, lakini sikuunganisha mambo hayo. Jumapili baada ya misa nilisikiliza likembe, kisha nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na wanawake wanaopasua samaki wa kukausha. Kabla ya wimbo kuanza, mmoja wao alisafisha koo.

Mke wangu alikuwa nyuma, jikoni. Alitoka na mikono yenye unga.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha sindano mwanzo. Yule mwanamke akasafisha koo tena, akaanzisha wimbo kwa sauti nyembamba iliyopasuka kidogo ilipofika juu, na wenzake wakaitikia.

"Iko mama," akasema.

Sikuamini mara moja kwamba ni sauti ya mama yake. Lakini alikwenda akanawa, akabadilisha kitambaa, akatandika mkeka mbele ya gramafoni, akakaa na miguu upande mmoja. Akapiga makofi polepole, viganja vimekunjwa kidogo ili visitoe kelele, kama mabinti wa kwao wanavyowasalimu mama zao. Kisha akanitazama, maana yake niirudishe tena mwanzo. Mama alipoanzisha, yeye aliitikia pamoja na wale wanawake, kwa sauti ya chini. Hakulia. Wimbo ulipokwisha alikunja mkeka, akarudi jikoni.

Baada ya hapo ikawa desturi. Kila Jumapili, mara moja, na sindano mpya, siyo ya kunoa. Hilo la sindano aliliweka yeye, na nililiheshimu hata pale ambapo sindano mpya ilikuwa moja tu na mimi nilikuwa na gitaa la kusikiliza.

Sasa nifike kwenye kadi.

Serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kadi ya mtu mweusi aliyestaarabika, ambayo sisi tuliiita mérite. Aliyekuwa nayo aliweza kutembea mjini saa ambazo wengine wamekatazwa, na mbele ya bwana wa ofisi aliambiwa "keti". Niliitaka. Niliishia darasa la tano kwa mapadri, na wengi waliokuwa nayo walikuwa makarani na walimu. Seremala kuipata ingekuwa sifa karakana nzima. Lakini kabla ya kukupa, watu wa tume walikuja nyumbani kwako kuangalia unavyoishi. Walitazama kitanda kama kina shuka, choo kama kina kifuniko, mezani kama kuna uma, na kama mke anakula pamoja na mume au anakula chini na watoto.

Jirani yetu wa mkono wa kulia alikuwa karani, mtu wa Kasai, mwenye kadi tayari. Alijitolea kunitayarisha. Alikuja jioni baada ya kazi, akazunguka nyumbani mwangu mikono nyuma kama yeye ndiye tume.

"Ndugu," alisema, "nyumba iko muzuri. Lakini inanuka samaki ya Kilwa mpaka kwa Gavana."

Mke wangu, aliyekuwa akipanga sahani, hakugeuka. "Na yako inanuka nini, karani? Wino?"

Walicheka wote wawili. Walipendana kwa namna hiyo. Karani ndiye aliyetufundisha kula bukari, yaani ugali, kwa uma, jambo ambalo hata Wazungu hawalifanyi, kwa kuwa wao bukari hawali. Tulikaa mezani watu watatu, tunasukuma tonge kwenye sahani, linakimbia. Mke wangu alisema uma umetengenezwa na mtu aliyekuwa hana njaa. Tulijizoeza hivyo wiki nyingi, na sikumbuki wakati mwingine tuliocheka zaidi nyumbani mle.

Halafu Jumapili moja karani alipita akiwa amevaa koti, akamkuta mke wangu mkekani. Alisimama mlangoni hadi wimbo ulipokwisha. Baadaye alinivuta nje, kwenye ua. Alisema amemwona bibi yangu anaisalimu mashine. Nikamweleza ni mama yake. Akasema yeye anaelewa, yeye pia ana mama, lakini tume haitaelewa.

"Bazungu bakifika, batafungua kila kitu. Batafungua hata nyungu. Bakisikia ile diski, na bibi anapiga makofi, bataandika kwamba munasali kwa bafu."

Bafu ni wafu, kwa Kiswahili cha huku. Nilicheka alipolisema. Lakini neno liliniingia. Na nitakuwa mkweli: lilikuta mahali pake tayari. Kabla ya karani kusema lolote, mimi mwenyewe nilikuwa nikifunga dirisha Jumapili, nikisingizia vumbi.

Karani alinishauri kuhusu kasha lote. Alisema gitaa za kambini ni muziki wa baa, mwenye kadi anapaswa kuwa na valsi na nyimbo za opera. Yeye alikuwa nazo kadhaa, alizozipanga mbele, ingawa kupitia ukuta nilijua anachokisikiliza hasa. Alinijulisha kwa mpishi mmoja wa mtaa wa Wazungu, ambaye bibi wa nyumba alikuwa amemwachia rundo la santuri za Ulaya. Mpishi alizitaka gitaa. Tukapatana rundo kwa rundo.

Mpishi alikuja kwangu siku ya kazi, mchana, nikiwa na ruhusa ya nusu siku. Mke wangu alikuwa Kasungami, kwenye kishamba chake cha mihogo. Nilitoa wapiga gitaa mmoja mmoja, na niliona uchungu kidogo, nikauvumilia. Ile ya Mweru ilikuwa ya mwisho, imesimama peke yake. Ningependa kuandika kwamba ilichanganyika na nyingine. Haikuchanganyika. Niliishika mkononi. Nilifikiri juu ya mkeka na yale makofi, nikamwona Mzungu wa tume akiandika, na nikaiweka juu ya rundo la mpishi. Nilijiambia mke wangu ataizoea hali, kwamba mtu hakai kilio milele. Mpishi akaitazama, akauliza kama hiyo nayo. Nikamwambia hiyo nayo.

Mke wangu aliporudi kutoka shambani sikumwambia. Wala siku iliyofuata. Nilikuwa na nafasi nyingi za kumwambia, na mpishi alikuwa bado hajaenda mbali.

Jumapili alitandika mkeka, akafungua kasha. Kusoma hakujua, lakini santuri yake aliijua kwa karatasi ya kijani na kwa alama ndogo ukingoni. Alizipitia zote, kisha akaanza tena mwanzo. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti changu na viatu vya misa miguuni.

"Iko wapi?"

Nikamwambia nimeibadilisha.

"Na nini?"

Nikamwonyesha hizo nyeusi zinazong'aa. Alichukua moja, akaigeuza, akairudisha kwenye kigawanyo chake kwa uangalifu. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mvua ilinikataza kumuzika mama. Ile haikukuwa kosa yako. Hii iko yako."

Akakunja mkeka. Siku ile tulikula kama kawaida, kwa uma.

Jumatatu yake nilikwenda kumtafuta mpishi. Bwana wake alikuwa amehamishiwa Kolwezi na yeye alikuwa amefuatana naye, siku mbili tu kabla. Nikajipa moyo kwamba nitakwenda baada ya tume, maana sikutaka kuomba ruhusa karakanani wakati ule. Hivyo ndivyo nilivyopanga: kwanza kadi, halafu yeye.

Tume ilikuja, Wazungu wawili na mwandishi wao. Mke wangu alikuwa ametandika meza vizuri kuliko bibi yeyote niliyewahi kumtengenezea kabati. Walitazama kitanda, wakainua shuka. Walitazama choo. Mmoja alimuuliza kwa Kiswahili cha kuamrishia kama anakula mezani pamoja na mume wake, na yeye akajibu, "Ndiyo, bwana, kila siku." Yule mwingine alifunua gramafoni, akapitisha kidole ndani kuona vumbi, akakitazama kidole chake, akafunika. Kasha la santuri hakulifungua. Hakuuliza lina nini. Walikaa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, ambacho hawakukinywa, wakaenda kwa mwingine.

Kadi nilipewa. Karani alileta bia, akatoa hotuba fupi uani, akasema sasa mtaa wetu una watu wawili wa maana na mbuzi mmoja. Mke wangu aliwahudumia watu kwa uso mzuri. Wageni walipoondoka aliosha bilauri, akaniambia hongera, na alimaanisha. Hakuwa mtu wa kulipiza. Ningependa wakati mwingine angekuwa.

Nilikwenda Kolwezi kwa treni. Mpishi nilimkuta, na gitaa zangu nilizikuta zikiwa salama, amezifunga katika kitambaa. Ile ya Mweru alikuwa ameiweka dirishani, jua likaipata, ikajikunja kama jani. Sindano haikuweza kupita. Akaitupa. Aliona uso wangu, naye akasikitika kwa dhati. "Baba, nilizani haina kazi," akasema. "Hata wewe mwenyewe uliitoa." Alitaka kunirudishia gitaa, nikakataa. Nusu ya njia ya kurudi nilisimama kwenye dirisha la treni, ingawa viti vilikuwepo.

Mgiriki hakuwa na nyingine kama ile. Aliandika barua kwa waliozitoa, wakamjibu zimekwisha na hazitatolewa tena. Hapo ndipo nilipoanza. Nilifikiri hivi: Mzungu mwenye mashine, akishapata waimbaji wazuri, hawezi kunasa wimbo mmoja tu. Pengine mama mkwe wangu yuko kwenye santuri nyingine, anatwanga, anapepeta, anaimbia mjukuu. Kwa hiyo kila zilipofika santuri za vijijini, nilikuwa wa kwanza dukani. Mwanzo nilichagua za ziwani tu. Zilipokwisha, nikachagua za jirani ya ziwa. Mwisho nikawa nachukua yoyote yenye wanawake. Mgiriki alinizoea. Nikiingia tu, anasema, "Karibu, bwana wa bibi wengi," na wateja wanacheka, nami nacheka nao.

Nyumbani nilisubiri Jumapili. Nilitandika mkeka mwenyewe. Alikuja, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, hata zile ambazo kwa maneno ya kwanza tu ilikuwa wazi kwamba ni lugha nyingine. Kisha alisema, "Si yeye." Miezi ikapita, ikawa "Hapana." Halafu ikawa kutikisa kichwa tu. Mimi nilikuwa naona kila Jumapili tuko karibu zaidi. Nilikuwa na furaha ya mtu anayefanya kazi. Niliweka santuri kasha likajaa, nikaongeza kigawanyo, na zile valsi nikampa karani.

Nilimtazama akisikiliza, lakini nilikuwa namtazama kwa ajili ya jibu. Sikuwa naangalia kitu kingine usoni pake. Hilo nimelijua baadaye sana.

Siku moja nilileta santuri yenye wanawake wanaotwanga. Niliisoma karatasi kabla ya kuiweka: jina la mto wa Kasai, mbali kabisa na ziwa, nchi ambayo mama mkwe wangu hakuikanyaga. Niliiweka hata hivyo, kwa mazoea. Karani alikuwa kwake, akasikia ukutani, akaita kwa furaha kwamba hiyo ni lugha ya kwao, nani ametuletea mashangazi zake. Mke wangu aliketi mkekani mpaka mwisho. Kisha akaniambia:

"Iko yeye."

Nikamtazama. Akarudia, kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto. "Iko mama. Umemupata. Sasa pumuzika."

Nilijua si yeye, na karani alikuwa amepiga kelele ukutani kwamba si yeye, na mke wangu alikuwa na masikio mazuri kuliko mimi. Nilifikiri mawazo mawili. La kwanza, kwamba miaka ile imemsahaulisha sauti, na ni mimi niliyemsahaulisha. La pili, kwamba amenisamehe na ameamua kuninyooshea njia. Nililichukua la pili, kwa kuwa lilinifaa. Niliacha kununua. Kwa kweli nyumba ilikuwa na amani baada ya hapo; aliweza tena kunitania kuhusu lori la samaki.

Aliugua mwanzoni mwa mvua zilizofuata, homa ambayo hospitali ya kompani haikuweza kuishusha, na siku ya tisa akafa. Mara hii daraja lilikuwa zima. Ndugu zake walifika kwa lori, na yeye alizikwa na watu wa kwao, na mdogo wake wa kike alimwaga udongo. Kilio kilipokwisha, huyo mdogo wake alibaki siku chache kukusanya nguo na vyombo vya marehemu, kama inavyotakiwa.

Alikuwa akifunga vitambaa chumbani nilipomletea ile santuri ya Kasai. Nilitaka aichukue kwa watu wa nyumbani. Nilimwambia, nikijua ninachosema si kweli, kwamba dada yake aliitambua sauti ya mama yao humo. Pengine nilitaka naye aseme ndiyo. Akaomba aisikie. Nikaiweka. Alisikiliza kidogo tu, akaniambia niizime.

"Shemeji, huyu si mama. Na yaya alijua."

Yaya ni dada mkubwa, kwa Kiswahili cha huku. Nilimuuliza amejuaje hilo. Akasema dada yake alimtumia maneno kwa mwanamke wa malori, mwaka uliopita. Alimwambia kwamba mume wake analeta nyumbani mama za watu wengine kila Jumapili, na yeye anakaa mkekani kumsikiliza kila mmoja, na kila mmoja si yeye, kwa hiyo kila Jumapili mama yake anakufa upya. Kwamba amechoka. Kwamba siku moja atasema ndiyo kwa yeyote, ili mume wake aache.

Alilisema bila ubaya, huku anafunga fundo. Mimi nilikaa kitandani. Baadaye, nadhani kwa kunionea huruma, aliniuliza kwa nini niliitafuta santuri kwa nguvu namna ile. Nikamweleza yote, na mpishi, na tume, na jua la Kolwezi. Nikasema nilitaka kumrudishia ule wimbo.

Akaacha vitambaa, akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa.

"Lakini wimbo alikuwa nao. Mama alitufundisha sisi wote. Yaya ndiye alijua kuuanzisha, mama alikuwa anamwachia yeye, mbele ya wakubwa wote. Hukumuomba akuimbie? Hata siku moja?"

Nilimwambia hapana. Katika miaka yote ile, ya gitaa na ya valsi na ya wanawake wa kila mto wa Kongo, nilikuwa nimemsikia akiitikia tu, na niliamini ndicho alichokijua. Santuri ilipopotea alinyamaza, na sikujiuliza kilichonyamaza ni nini. Nilikwenda dukani.

Shemeji yangu alisema labda angeimba kama ningemwomba, labda asingeimba, yaya alikuwa na moyo wake. Akarudi kwenye vitambaa. Alibaki kwangu siku mbili nyingine. Alipika, akafagia, akaenda Kasungami kuitazama mihogo ya dada yake, na wimbo ule ulikuwa mdomoni mwake muda wote, kwa kuwa naye alifundishwa. Mara kadhaa nilifika mpaka mlango wa jiko. Siku ya tatu nilimsindikiza kwenye lori la samaki, nikampandishia mizigo, tukaagana.

Sikumwomba yeye pia.